Bule: Rwa wawili mkononi, na wewe ndiye wa kusema kwanza

BULE, teritori ya Djugu. Mvua ikikatika saa kumi ya jioni, vijana huanza kukusanyika nyuma ya nyumba ya bashi ya baba mmoja katika kampi ya Bule. Wanatandika gunia juu ya mkeka, wanaketi duara, na mke wa baba huyo anatoka na kopo la nyanya lenye maharagi. Anayahesabu mbele ya wote: 50 kwa kila mchezaji. Wakiwa tisa, ni maharagi 450. Giza likikaribia anayahesabu tena, na kama moja linakosekana hakuna anayeondoka mpaka lipatikane.

Maharagi hayo ni ya mbegu. Mama huyo ameyaazima kwa mchezo, hakuyatoa.

Mchezo wenyewe ni pokeri. Watu wa hapa wamezoea karata nyingine, ile michezo ya kumaliza karata mkononi ambayo kila mtoto anaikuta nyumbani. Hii ililetwa na baba huyo. Mwanzoni rais wa kampi alikuja na wajumbe wawili wa komite, wakasema wamesikia kuna watu wanaocheza kamari huku familia zinalala njaa. Baba akawakaribisha wakae. Akawaonyesha maharagi, akawaonyesha kwamba hakuna hata faranga mia moja juu ya gunia. Mke wake akaongeza neno moja: siku atakapoona pesa, yeye mwenyewe atachoma karata. Komite wakakubali. Mjumbe mmoja akabaki kuangalia, na siku hizi anacheza.

Karata zimechoka. Saba ya karo ilipotea zamani, na mahali pake pamewekwa kipande cha boksi kilichokatwa kwa wembe. Mgongo wake haufanani na wa nyingine, kwa hiyo anayegawiwa saba ya karo anajulikana kwa wote kabla hata ya kuiangalia. Vijana hucheka. Baba huyo hacheki sana.

“Sisi watu wa kukimbia ndivyo tulivyo,” husema. “Karata yetu inaonekana mgongoni.”

Aliujua mchezo huu Kampala. Kabla ya vita alikuwa mlinzi wa usiku katika kasino moja ya mji ule. Kazi yake ilikuwa kusimama ukutani, mikono nyuma, na kuangalia watu wasipigane. Kwa muda wa miaka miwili aliona usiku baada ya usiku meza ileile ya kijani, watu tisa, karata mbili kila mmoja. Hakuruhusiwa kucheza na hakuwa na pesa ya kucheza. Lakini mtu anayesimama nyuma ya meza bila kucheza anaona mengi kuliko aliyeketi. Aliona kwamba waliopoteza sana hawakuwa wale wenye karata mbaya. Mwenye karata mbaya anazitupa, anaagiza chai, anasubiri. Waliopoteza sana walikuwa wenye karata nzuri, walioketi mahali pabaya.

Karani mmoja wa pale alikuwa akimsomea hesabu za mchezo, naye akaziandika kwenye daftari la shule. Daftari hilo lilibaki kijijini na moto ukalichukua, lakini hesabu anazo kichwani.

Sheria si ngumu. Kila mtu anapewa karata mbili za siri. Kisha katikati zinafunguliwa karata tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja tena. Zinakuwa tano za watu wote. Mwenye mkono bora wa karata tano kati ya hizo saba anachukua kilichowekwa. Kila hatua, mtu anaweza kuweka maharagi, kumfuata aliyeweka, kupandisha, au kutupa karata zake. Kizibo cha chupa ya Primus kinazunguka kuonyesha zamu ya mgawaji. Watu wawili wanaomfuata mwenye kizibo wanalazimika kuweka kitu kabla ya kuona karata zao: wa kwanza harage moja, wa pili mawili. Muda ukienda, kiasi hicho kinaongezwa, ili mchezo usilale. Aliyeishiwa maharagi ametoka. Hakuna kununua mengine. Hayo ndiyo mashindano, na ndiyo tofauti yake na kucheza hivihivi.

Shida iko kwa wale wawili waliolazimishwa. Mzunguko wa kwanza wao husema mwisho, na hilo huwadanganya wengi. Karata tatu za katikati zikifunguliwa tu, mambo yanageuka. Wao ndio wanaosema kwanza, na watasema kwanza hatua zote tatu mpaka mwisho. Mwenye kizibo husema mwisho kila mara. Amesikia nani ameogopa, nani ameweka nyingi, nani amekawia. Yule wa kwanza hajasikia kitu.

Vijana wanapenda jozi, yaani karata mbili zinazolingana, hasa zile kubwa: ase mbili, rwa wawili, dame wawili. Mtu akigawiwa rwa wawili, uso wake unabadilika hata akijizuia. Baba huyo hukubali kwamba ni karata za nadra. Jozi yoyote, hata ya mbili mbili, huja kwa wastani mara moja katika migawo 17. Lakini ase mbili huja mara moja katika migawo 221, na rwa wawili vilevile. Kijana anaweza kucheza wiki nzima asizione. Ndiyo maana akizipata anaona kama Mungu amemkumbuka, na hataki kuziachia tena.

Hapo ndipo huanza kuwapa zile hesabu za Kampala. Ase mbili, karata bora kuliko zote, mbele ya mtu mmoja mwenye karata zozote hushinda mara 85 katika 100. Mbele ya watu wanne, karibu mara 56. Mbele ya watu wanane, karibu mara 35 tu. Karata ni zilezile. Kilichobadilika ni idadi ya watu ulioacha waingie.

Na karata za katikati nazo zina maneno yake. Ukiwa na rwa wawili, ase itatokea kati ya zile tatu za kwanza karibu mara 23 katika 100. Ukiwa na dame wawili, karata kubwa kuliko zako itatokea karibu mara 41. Ukiwa na vale wawili, mara 57, yaani zaidi ya nusu. Na wewe uliye na jozi, nafasi ya kupata ya tatu inayolingana nazo katika zile tatu ni kama mara 12 katika 100. Kwa maneno mengine, jozi yako inazaliwa na nguvu zake zote, na mara nyingi haikui. Karata za wengine ndizo zinazokua.

Kijana mmoja aliwahi kumletea habari aliyoisoma kwenye simu, kwamba huko Las Vegas, Marekani, kuna mashindano makubwa ya mchezo huu yanayoitwa World Series of Poker, yaliyoanza mwaka 1970, na kwamba mwaka 2003 mhasibu mmoja wa kawaida, Chris Moneymaker, aliingia kwa kupitia mashindano madogo ya intaneti, akaondoka na dola milioni 2 na nusu. Vijana wote wakanyamaza wakifikiria dola hizo. Baba akauliza waliingia watu wangapi. Kijana akatafuta, akasema 839.

“Sawa,” baba akasema. “Sasa niambie jina la mmoja wa wale 838.”

Wapo watu Bule wanaofahamu vizuri maana ya swali hilo.

Baba huyo alirudi kutoka Kampala mwaka 2016, akaoa, akajenga. Mwezi wa 12 mwaka 2017 machafuko yakaanza tena Djugu. Mwanzoni mwa 2018 majirani wengi walishuka kuelekea ziwa Albert, wakapanda mitumbwi mpaka Sebagoro upande wa Uganda, na kutoka huko wakapelekwa Kyangwali. Yeye hakuvuka. Mama yake mzazi alikuwa anaogopa maji, na hakuna mtu ambaye angemwacha mama yake ufukweni. Wakabaki upande huu, wakihama kutoka kilima hiki mpaka kile, mpaka walipofika Bule. Usiku wa tarehe 1 kuamkia tarehe 2 Februari 2022, walipokuwa tayari hapa, walisikia milio kutoka kampi ya Plaine Savo. Watu karibu 60 waliuawa usiku ule, wengi wao watoto na akina mama. Waliokuwa Savo walikuwa wamekimbia tayari mara moja, wengine mara mbili. Baada ya hapo neno “mahali salama” hapa halisemwi kwa haraka.

Kitu kimoja hakisemi kwenye mkeka, lakini vijana wanakijua. Alikuwa na mdogo wake. Mdogo huyo alikuwa na ng’ombe wawili wa maziwa, ndio mali yote iliyobaki kwa ukoo, na wakati wa kukimbia aliwaacha kwa rafiki katika kijiji jirani na kwao. Siku moja habari zikafika kwamba ng’ombe bado wako hai. Mdogo hakulala. Asubuhi yake, kabla mtu yeyote hajapita njia ile na kurudi, akachukua fimbo akaenda. Yaya yake alimwambia asubiri siku ya soko, wamotari wapite kwanza. Akajibu kwamba siku ya soko kila mtu atakuwa amejua, na ng’ombe watakuwa wamechukuliwa.

Hakurudi. Ng’ombe nao hawakuonekana. Mama yao mzazi alikufa mwaka uliofuata.

Kwa hiyo kijana anapoweka maharagi yote kwa sababu tu ana jozi nzuri, na anaweka akiwa wa kwanza kusema, baba huyo hunyamaza kidogo kabla ya kuanza kufundisha.

Ilikuwa hivyo jioni moja ya mwezi wa 5. Walikuwa wamebaki watano kati ya tisa. Maharagi ya lazima yalikuwa yamepanda: mawili kwa wa kwanza, manne kwa wa pili. Kizibo kilikuwa mbele ya mama mmoja anayeuza bugali na sombe karibu na soko. Huyo ndiye anayeogopwa kuliko wote, kwa kuwa hazungumzi. Kijana mmoja, mpanda moto, alikuwa anamfuata mama, kwa hiyo alikuwa ameweka mawili ya lazima. Akaangalia karata zake: rwa wa piki na rwa wa karo.

Mtu wa kwanza akatupa. Wa pili akafuata kwa manne. Mama muuza bugali akafuata kwa manne. Ikamfikia mpanda moto. Angeweza kupandisha. Lakini aliona kwamba akipandisha watamkimbia, na karata kama hizi haziji kila siku, akataka kuwanasa. Akaongeza mawili tu, kama mtu asiye na kitu. Wa mwisho akagonga gunia, maana yake hana la kuongeza. Kukawa na maharagi 16 katikati na watu wanne ndani.

Zikafunguliwa tatu: ase ya trefli, tisa ya keri, sita ya keri.

Sasa mpanda moto ndiye wa kusema kwanza. Aliitazama ase kwa muda. Vidole vyake vikaanza kuhesabu maharagi yaliyobaki mbele yake. Kisha akayasukuma yote katikati. Wawili wakatupa mara moja. Mama muuza bugali akafikiri kidogo, akahesabu yake, akafuata. Akafunua: ase na sita. Jozi mbili. Karata mbili zilizobaki zikafunguliwa na hazikumsaidia mpanda moto. Akasimama.

“Papa, mimi nilikuwa na rwa wawili,” akasema, kama mtu anayelalamikia hakimu.

“Nimeona. Ase ilipofunguka, ulijua nini?”

“Sikujua kitu.”

“Mama naye alijua nini?”

Kijana akafikiri. “Alijua mimi niko na kitu. Juu niliweka yote.”

“Basi. Wewe ulisema bila kusikia. Yeye amesikia, ndipo akasema.”

Kisha akamwonyesha makosa mawili, na wote wakasogea kusikiliza, hata waliokuwa wameshatoka.

Kosa la kwanza lilikuwa kabla karata za katikati hazijafunguliwa. Mwenye jozi kubwa aliyeketi mahali pabaya hapaswi kujificha. Kujificha ni mchezo wa anayesema mwisho. Yeye wa kwanza anapaswa kupandisha, tena kupandisha kwa nguvu kuliko angekuwa na kizibo: kama pale angeweka 12, hapa aweke 20. Si kwa majivuno. Ni kwa kuwapunguza watu. Mwenye ase na sita ataona 20, atajiuliza mara mbili, na mara nyingi atatupa. Akibaki mmoja wa kupambana naye, rwa wawili ni karata kali. Wakibaki watatu walioingia kwa bei ya manne, hawajui hata wao wana nini, na wewe utawajua ukiwa umechelewa.

Kosa la pili lilikuwa baada ya ase kufunguka. Wakati ule maharagi katikati yalikuwa 16 tu. Ya kijana katika hayo yalikuwa manne. Angeweza kugonga gunia, asikilize. Watu wote wakigonga, ameona karata nyingine bila kulipa. Mtu akiweka nyingi na mwingine akafuata, atupe rwa wake, alale na maharagi yaliyobaki. Angeweza pia kuweka kidogo, kama nane, kuuliza swali, na jibu likiwa baya aache. Alichofanya ni kulipa yote ili kutetea manne.

“Lakini ni rwa wawili,” kijana akasema tena, kwa sauti ndogo.

“Walikuwa rwa wawili kabla ya ase,” baba akajibu.

Mjumbe wa komite akauliza: je, kuna wakati mtu wa kwanza anaweza kuweka yote bila kosa? Baba akasema upo. Ukiwa umebaki na maharagi machache, tuseme chini ya mara kumi ya yale ya lazima, huna nafasi ya kuuliza maswali. Hapo jozi nzuri ikija, weka zote mapema, kabla ya karata za katikati. Baada ya hapo huna la kusema tena, kwa hiyo kusema kwanza hakukudhuru tena. Karata zitafunguka zenyewe. Na ukisubiri, yale ya lazima yatakula moja moja mpaka uishe bila kupigana.

Hapo mama muuza bugali, ambaye hazungumzi, akazungumza. Alisema watu wanapenda kuwacheka wale wanaorudi mashambani wakati njia haijatulia, na kusema ni wajinga, hawasikii. Lakini wengi wao si wajinga. Wamebaki na maharagi matatu. Mwenye watoto watano na unga wa siku mbili hawezi kusubiri wengine waseme.

Hakuna aliyemjibu. Mke wa baba huyo alikuwa amesimama mlangoni na kopo, akisikiliza.

Wiki tatu baadaye swali lile likaja nyumbani mwao. Shamba lao la maharagi lilikuwa limekomaa. Liko umbali wa saa mbili na nusu kwa miguu. Walilipanda mwezi wa 3, wakati njia ilikuwa imetulia, kwa mbegu waliyoikopa. Sasa habari zikasema kuna watu wenye silaha wameonekana upande ule. Wengine wakasema hapana, wamepita tu. Maharagi yaliyokauka shambani hayasubiri: ganda linapasuka, na mvua ikirudi yanaota yakiwa juu ya mti. Na mwizi naye anajua yamekauka.

Baba akasema wasubiri siku ya soko. Mke wake akafungua mfuko wa unga akamwonyesha. Alikuwa na siku nne, akipika mara moja kwa siku.

“Baba ya watoto,” akamwambia, “sisi tuko na maharagi mangapi mbele yetu? Mengi au matatu?”

Hilo ndilo alilotoka nalo mlangoni jioni ile, na mume wake hakuwa na jibu la haraka. Wakahesabu pamoja. Siku nne za unga. Kilo mbili za samaki mkavu kutoka Tchomia alizokuwa akiuza kwa mafungu. Deni moja la kulipwa na jirani. Mke akaona wanaweza kufika siku sita, wakibana. Siku ya soko ilikuwa baada ya siku tatu. Wakakubaliana: watasubiri siku tatu, si zaidi, na wakati wa kusubiri hawatakaa kimya. Baba alikwenda kila asubuhi kwenye maegesho ya moto kuuliza nani ametoka wapi. Mama alikwenda kisimani mapema, mahali ambapo wanawake wa vijiji vya upande ule huja na habari kabla ya redio.

Siku ya pili familia tatu hazikuweza kusubiri, zikaenda. Baba alisimama njiani akiwatazama wakiteremka, na hakuwaambia kitu, kwa sababu hakuwa na unga wa kuwapa ili wabaki. Jioni wakarudi wote, salama, na mizigo. Walisema njia ni tupu. Siku ya soko wamotari wawili wakapita na kurudi. Siku iliyofuata, asubuhi, baba na mke wake wakaenda pamoja na watu kama 20, wakavuna mpaka saa nane, wakarudi kabla ya jua kushuka.

Nusu ya shamba ilikuwa imeshavunwa na watu wasiojulikana. Walipata chini ya nusu gunia.

Wapo majirani waliomwambia kwamba angekwenda siku ya kwanza angepata gunia zima. Ni kweli. Njia ilikuwa tupu siku ya kwanza pia. Hakubishana nao. Kwenye meza ya Kampala aliona mara nyingi mtu anatupa dame wawili, kisha zikifunguliwa zote anagundua kwamba angeshinda. Wale wabaya hukasirika, na mchezo unaofuata wanaweka zote bila kufikiri. Wale wazuri hunywa maji. Uamuzi huhesabiwa kwa kile ulichojua ulipokuwa unaamua, na yeye siku ile ya kwanza hakujua kitu. Lakini usiku, mke wake anasema, alikuwa anageuka kitandani, na mara moja alisema kwa sauti: “Gunia zima.”

Mpanda moto naye amebadilika kidogo. Jioni moja ya mwezi wa 7 alipata dame wawili akiwa mahali palepale, wa kwanza baada ya kizibo. Safari hii akapandisha mpaka 20. Wote wakatupa isipokuwa mjumbe wa komite. Zikafunguka rwa, nane na tatu. Kijana akaweka kidogo, mjumbe akapandisha sana. Kijana akakaa muda mrefu, akikuna shingo. Kisha akazilaza dame zake uso juu, ili wote waone anachokitupa, na akabaki na maharagi 31. Mjumbe hakuonyesha karata zake, na kwa sheria hakulazimika. Mpaka leo kijana hajui kama alidanganywa.

“Hiyo ndiyo bei ya kiti,” baba akamwambia. “Umelipa kidogo.”

Jioni ile kijana alimaliza wa tatu.

Mwezi wa 8 ulipokaribia kwisha, mvua zikarudi vizuri. Mke wa baba huyo alikuwa amepata kipande cha shamba karibu na kampi, dakika kumi kwa miguu, kwa makubaliano ya kumlimia mwenye shamba siku mbili kila wiki. Si kikubwa, na udongo wake umechoka. Lakini kutoka pale mtu akipiga kelele anasikika nyumbani. Asubuhi moja akachukua kopo la nyanya, akahesabu mara ya mwisho: maharagi 450, hakuna lililokosekana. Yalikuwa yameng’aa kwa kushikwashikwa. Akaenda nayo shambani pamoja na mbegu nyingine, na mume wake akafuata na jembe.

Jioni vijana walipokuja walikuta gunia limetandikwa, na juu yake chungu ya vijiwe vidogo vilivyookotwa barabarani. Mpanda moto akauliza maharagi yako wapi.

“Yameingia mchezoni,” mama akasema, akaanza kuhesabu vijiwe.